Nilikuwa kinyozi wa sifa zote Dzaleka, nikafika chuo cha urembo nikaacha nywele nikachagua ngozi

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo, na salamu za pekee kwa wenzangu wa huku Malawi, maana humu mnadhani Kiswahili kinaishia Dar na Nairobi.

Nina kisa changu mwenyewe. Hakuna cha "rafiki yangu mmoja" hapa. Nitakiandika kilivyokuwa, na pale nilipoaibika nitasema niliaibika. Kiswahili changu ni cha Bukavu, Kongo, nikiteleza mnivumilie.

Huku Dzaleka, kambi ya wakimbizi, wananiita Fiston. Nilizaliwa Bukavu, nikaingia Dzaleka na wazazi wangu nikiwa na miaka kumi na moja. Baba ni fundi cherehani na mzee wa kanisa. Mama anauza dagaa sokoni. Mimi nilikuwa kinyozi.

Na nilikuwa kinyozi kweli. Kiti kimoja, kioo kimoja, mashine ya kuchaji kwa sola, lakini Jumamosi foleni ilikuwa inafika kwa muuza maandazi. Fade yangu ilijulikana mpaka vijiji vya jirani, Wamalawi walikuwa wanapanda kabaza, bodaboda za huku, kuja kunyolewa na mimi.

Basi shirika moja likatangaza nafasi chache za chuo cha urembo Lilongwe, ada yote inalipwa. Kwenye fomu nikaandika "hair" bila hata kufikiria. Nani angefikiria?

Baba alifurahi mpaka akashona shuka sita nyeusi za kufunika wateja, kila moja ina jina langu kwa uzi mwekundu. Saluni bado haipo, shuka ziko tayari.

Ruhusa ya kutoka kambini kwa ajili ya masomo ikapatikana, nikakaa kwa familia moja ya kanisa letu pale Kawale, mtaa wa Lilongwe, weekend narudi nyumbani.

Darasani tulikuwa kumi na wanane, mwanaume peke yangu. Siku ya kwanza dada mmoja alinikabidhi ufunguo wa stoo, alidhani mimi ni mlinzi. Nikaupokea kabisa, nikafungua na stoo yenyewe.

Utaratibu wa chuo ulikuwa hivi: miezi miwili ya kwanza wote mnasoma nywele na ngozi. Baada ya hapo unachagua moja, na ukishachagua hakuna kurudi nyuma.

Upande wa nywele nilikuwa naserereka tu. Mwalimu ananiita mbele nionyeshe wenzangu. Upande wa ngozi nilikuwa nakaa nyuma, naangalia saa.

Mpaka siku ile Madam Chisomo, mwalimu wetu wa ngozi, alipofundisha vipele vya ndevu.

Akachora ubaoni unywele uliojikunja kama ndoano. Akasema ndevu zetu sisi watu weusi nyingi zimejikunja. Ukizinyoa chini sana, unywele ukianza kuota unarudi ndani ya ngozi yenyewe. Ngozi inaona kama imechomwa na mwiba, inavimba, inatoa kipele, halafu mtu ananyoa tena juu ya kipele.

"Na anayeanzisha haya yote ni nani?" akauliza.

Darasa zima likageuka kuniangalia.

Wakuu, nilitaka ardhi ipasuke. Miaka sita nimenyoa ndevu za watu mpaka zikawa kama kichwa cha mtoto, nikimaliza nawapiga spirit. Mtu akilia namwambia "vumilia, inauma juu inatibu", yaani kwa sababu inatibu. Kumbe wale wateja walikuwa wanarudi kwangu na tatizo ambalo niliwapa mimi mwenyewe!

Sikulala vizuri wiki ile. Si kwa aibu tu. Kulikuwa na mtu mmoja nilikuwa namfikiria.

Yaya Josué, kiongozi wa kwaya yetu (kwetu "yaya" ni kaka mkubwa, hata kama hamjazaliwa tumbo moja). Huyu alikuwa mteja wangu wa kwanza kabisa. Shingo yake ilikuwa imeharibika vipele mpaka akaanza kuvaa skafu. Jua la Oktoba la hapa Dowa, wilaya yenye kambi yetu, mtu anaimbisha kwaya na skafu. Watu walidhani anajikinga koo.

Jumamosi iliyofuata nikamwendea nyumbani.

Nikamwambia, "Yaya, ile shingo yako, niko naona ni mi nilikuharibia. Uniachie nijaribu kuitengeneza."

Akasema, "Ulikuwa unajua?"

"Hapana. Nimejua Jumanne."

Akacheka mpaka mke wake akatoka ndani kuangalia kuna nini.

Nilifanya nilichofundishwa, hakuna uchawi. Kuacha kunyoa kwanza. Taulo la maji ya uvuguvugu. Kusafisha taratibu, bila kusugua kama sufuria. Hakuna spirit. Vipele viwili vilikuwa na usaha, hivyo sikuvigusa, nikampeleka zahanati wampe dawa. Baadaye nikawa namnyoa kwa mashine tu, nikiacha ndevu fupi, sishuki mpaka kwenye ngozi.

Kila weekend narudi, naangalia. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Nikaanza kumkwepa kwa aibu.

Jumapili ya sita nimekaa kanisani, kwaya inaingia, yaya Josué yuko mbele. Shingo wazi! Hakuna skafu! Alipoinua mikono kuanzisha wimbo alinitafuta kwa macho, akajipapasa shingo namna hii, kisha akaanza kuimbisha.

Nililia wakuu. Katikati ya ibada. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alidhani nimeguswa na Roho, akanishika bega na kuniombea.

Hapo njo nilijua (kwetu "njo" ni "ndiyo" au "ndipo"). Fade nzuri nimetengeneza maelfu, sijawahi kulia kwa ajili ya fade.

Siku ya kuchagua ikafika. Madam Chisomo akasoma fomu yangu mara mbili.

"Fiston, kwenye nywele hakuna anayekukaribia. Huku utaanzia chini, na wenzako watakuacha."

"Najua Madam."

"Na huko kambini kwenu, mwanaume wa facial watampokea?"

"Hilo silijui Madam."

Akasaini.

Kasheshe ilikuwa nyumbani. Nilimkuta baba kwenye cherehani. Mazungumzo yetu nayakumbuka neno kwa neno, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ambacho watu ni "batu" na nchi ni "inchi".

"Papa, nimechagua."

"Nywele."

"Ngozi."

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. "Ngozi gani? Ya viatu?"

"Ya batu, papa. Ya sura."

"Fiston. Tumekimbia vita na weye, tumevuka inchi ngapi, njo ufike hapa uende kupaka banamuke mafuta ku sura?"

"Na banaume pia, papa."

"Njo mubaya zaidi!"

Akarudi kwenye kushona. Tangu siku ile ikawa ni salamu tu. Umeamka, nimeamka. Umerudi, nimerudi. Sokoni vijana wakanibatiza "Mademoiselle". Hilo nilicheka nao, la baba halikuchekeka.

Tuje kwenye mtihani wa mwisho.

Mtihani wa vitendo kila mmoja anakuja na mtu wake mwenye tatizo la kweli la ngozi. Unamchunguza, unamhudumia, unaeleza kwa nini unafanya unachofanya. Msimamizi anatoka nje ya chuo. Ukikosa mtu, umekosa mtihani, unasubiri kundi lijalo. Na ufadhili wetu ulikuwa haungojei kundi lijalo.

Wangu nilikuwa nimempata, shemeji yake yaya Josué. Zamu yangu ni saa sita mchana. Saa mbili asubuhi simu inaita. Ni yeye, sauti haitoki, malaria imemlaza.

Nikapiga simu nyumbani. Akapokea mama. Sikumwomba kitu, nilitaka tu mtu wa kumlilia. Akasikiliza, akasema, "Bon. Nawa uso, ukae hapo hapo," akakata.

Saa sita kasoro robo nimekaa kwenye ngazi za chuo, nimevaa koti jeupe, mikono mitupu. Wenzangu wanapita na watu wao. Geti likafunguka.

Baba.

Koti la kanisani, viatu vimejaa vumbi la kabaza, jasho linamtoka. Hakunisalimu.

"Ni wapi nalala?"

Nikamwambia, "Papa, lazima mtu awe na tatizo."

Akafungua kifungo cha juu cha shati.

Wakuu, miaka yote baba alijishonea mashati ya kola ndefu na kuyafunga mpaka juu. Nilidhani njo uzee wa kanisa. Shingo yote ilikuwa makovu na vipele, vingine vya zamani kabisa. Anajinyoa mwenyewe kila alfajiri kwa wembe, gizani, tangu nikiwa mtoto. Nimeishi nyumba moja na ile shingo na sikuwahi kuiona.

Alilala kitandani amekakamaa kama ubao, viatu miguuni. Nikavivua. Madam Chisomo akaja kumtuliza, "Abambo, musaope," yaani baba, usiogope, na baba akajibu "zikomo", asante, akiwa ameng'ang'ania kingo za kitanda kwa mikono miwili.

Nikawasha taa ya lenzi, nikaanza. Msimamizi, mama mmoja mkali wa miwani, ananiuliza kwa Kiingereza. Kwa nini hutumii scrub hapa? Kwa nini hukung'oa huu unywele? Najibu. Kisha nikaweka lile taulo la uvuguvugu kwenye shingo ya baba.

Nikasikia anaachia pumzi ndefu. Vidole vyake vikaachia kitanda, kimoja kimoja.

Dakika kumi baadaye, baba anakoroma.

Si kukoroma kwa adabu. Kukoroma kwa cherehani bovu! Wasichana wakaanza kubana vicheko, mmoja akatoka nje kabisa. Mimi najieleza kwa Kiingereza, baba anajibu kwa pua. Msimamizi alijaribu kukaza uso, akashindwa, akavua miwani akafuta machozi.

Nilipomaliza nikataka kumwamsha. Msimamizi akaweka kidole mdomoni mwake, akaninong'oneza nimwache alale, yeye ameshaandika alama.

Nilifaulu. Si wa kwanza, wa nne. Wa nne kati ya kumi na mmoja wa ngozi, na sijawahi kufurahia namba kama ile.

Baba alipoamka alijipapasa shingo. Akapapasa tena. Akasema, "Umemaliza? Huku upande wa kushoto urudilie kidogo."

Hakuniomba msamaha na sikuungojea. Tulikula nsima, ugali wa huku, na samaki, tukapanda minibus. Tulipofika njia panda ya kuingia kambini, akamwambia kijana wa kabaza kwa Chichewa chake cha kuokoteza, "Mwana wanga, dokotala wa khungu." Mwanangu, daktari wa ngozi.

"Papa, mi si daktari."

"Nyamaza." Kisha kwa yule kijana, "Muonyeshe kidevu."

Na kijana akainua kidevu. Mteja wangu wa kwanza baada ya mtihani nilimpata barabarani, pikipiki inanguruma.

Sasa hivi nina chumba changu hapa Dzaleka. Ndevu bado nanyoa, ila ukitaka zishuke mpaka nyama nenda kwa mwingine. Akina mama wanakuja siku za katikati ya wiki, wengi ni waliounguzwa na mikorogo, hao wanataka subira na wakati mwingine zahanati kwanza. Wale walioniita Mademoiselle, wawili wako kwenye daftari la wiki hii.

Nilichojifunza, hasa kwa dada na kaka mnaosimama kati ya nywele na ngozi: nywele ni kazi nzuri, mteja anaona matokeo kwenye kioo siku hiyo hiyo na anakulipa kwa tabasamu. Ngozi itakuweka wiki sita ukijiona tapeli. Usichague kwa sababu ya mahali unaposifiwa. Mimi nilisifiwa kwenye nywele nikalala usingizi. Shingo ya yaya Josué ndiyo iliyoninyima usingizi, nikaifuata.

Haya, uwanja ni wenu. Mliosoma nywele njooni mnipinge. Wanaume wenye vipele ulizeni hapa hapa bila haya. Baba hana akaunti humu, lakini nimemwahidi kumsomea majibu yote akiwa anashona, kwa hiyo andikeni kwa adabu.