Njia Aliyoifuta Placide

Placide Chevrier aliamka na pua iliyokunjamana. Alikuwa amelala katika vibanda vya mlimani kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na bado harufu ile ilimpiga kila asubuhi kama kofi: soksi zilizoloa zikaanikwa juu ya jiko, jasho la watu waliobanana kitandani kama viazi guniani, na uvundo wa ngozi. Ngozi ni tepe ndefu za manyoya zinazobandikwa chini ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, ili mtu aweze kupanda bila kurudi nyuma. Wageni hulala nazo kifuani ili gundi yake isigande kwa baridi, na asubuhi huzitoa shatini zikiwa na joto na nywele za vifua vyao.

Akatoka nje kujisaidia. Mwezi wa nne ulikuwa umeanza kuyeyusha theluji kando ya ukuta, na theluji, ambayo wakati wa baridi huficha kila kitu kama mke mwenye heshima, sasa ilikuwa inafichua: karatasi za chooni, maganda ya machungwa, madoa ya njano yaliyopangana kama chapa za ng'ombe. Juu ya uchafu wote huo vilele vilisimama vyeupe, visivyo na habari. Placide alivitazama kidogo, kisha akatazama tena alipokanyaga.

Hakuzaliwa akiwa na chuki hii. Baba yake alifuga ng'ombe weusi wa bonde la Hérens, wale wafupi wenye mapaji mapana, ambao kila majira ya machipuko hupigana wenyewe kwa wenyewe mpaka malkia wa kundi ajulikane. Placide alikuwa mtoto wa tatu, na zizi halikutosha watoto watatu. Akachukua beji ya mwongozaji wa mlima kama wenzake walivyochukua kazi ya reli. Kisha mlima ukamteka. Kuna asubuhi aliwahi kusimama juu ya mto wa barafu, mbele yake hakuna alama hata moja ya mguu, akahisi kwamba ameruhusiwa kuandika neno la kwanza la siku. Alimweleza mkewe Philomène jambo hilo mara moja tu, naye hakucheka. Philomène sasa alikuwa makaburini chini kanisani, na asubuhi za namna ile zilikuwa zimekwisha kabla yake.

Jikoni, Zénobie alikuwa anajaza chupa za chai. Alikuwa dada mdogo wa marehemu, na kibanda kile alikitunza yeye tangu ujana.

"Shemeji, uso huo umeuokota wapi?"

"Chooni kwako."

"Choo changu kisafi. Wachafu ni wageni wako."

"Wangu wawili tu. Wengine wote ni wako."

"Hao wengine ndio wanaonilipa, babu wee. Wewe unakunywa chai yangu bure tangu nilipovaa aproni hii."

"Chai! Maji uliyooshea sufuria."

"Na bado umeleta chupa mbili." Akamkabidhi, akapunguza sauti. "Mwenzako Gaëtan bado anakoroma. Na kundi lake zima."

"Najua. Ataamka nikishafika nusu ya mlima."

Hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko choo. Kuilima theluji mpya kwa ski, mbele ya watu, ni kazi ya kifua na mapaja. Desturi ya bonde ilikuwa wazi tangu enzi za babu zao: ukikuta njia ya mwenzako, ifuate, lakini mfikie, umsalimu, kisha upite mbele ulime zamu yako. Gaëtan, naye mwongozaji, alikuwa mwenyeji wa bonde hilohilo, na desturi aliijua. Ila aliajiriwa na kampuni ya mjini iliyompa wageni wanane kwa mkupuo, naye alikuwa amegundua kwamba mtu akilala saa moja zaidi, njia huwa imeshakuwa tayari, laini kama zulia. Hakuwahi kufika mbele. Alibaki nyuma umbali wa kutosha kusikika akiimba, asionekane. Placide alimwita kupe.

Walitoka watatu, nyota zikiwa zinafifia. Joris alikuwa mfamasia kutoka Antwerp, mtu mwenye vifaa vipya na swali kwa kila kitu. Mkewe Liesbet alikuwa mkimya na alipanda vizuri. Mwaka wa tatu huu walikuwa wanautaka Upenyo wa Mjane, pengo jembamba kati ya vilele viwili, ambalo ukilivuka unateremka hadi Italia ukiwa umetabasamu. Mara mbili hali ya hewa ilikuwa imewarudisha.

"Leo tutavuka, sivyo?" Joris aliuliza.

"Tutaona."

"Mwaka jana ulisema vilevile."

"Na mwaka jana tuliona."

Chini ya Upenyo kuna mgongo wa mwamba uliofunikwa theluji, mkali lakini salama, na juu ya mgongo huo kuna mteremko mpana kama shuka iliyotandikwa. Placide aliulima mgongo kwa zigizaga, kona baada ya kona, kila kona ikiwa na upana wa kumtosha mgeni kugeuza ski zake bila hofu. Mikono yake ilikuwa mizito na mapafu yake yalilia, lakini alipotazama chini akaona njia nzuri, na kwa muda mfupi hakuchukia kitu. Halafu upepo ukaleta wimbo kutoka chini bondeni. Gaëtan ameamka. Kupe wanapanda.

Akaingia kwenye mteremko mpana. Hatua chache tu, na theluji ikaguna.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama ng'ombe aliyelala anayeshusha pumzi gizani. Lakini Placide aliihisi kwenye magoti kabla ya masikio: shuka nzima ilikuwa imeshuka upana wa kidole, na ufa mwembamba kama uzi ukakimbia kutoka kwenye ski yake kwenda kushoto, ukapotea. Upepo wa juzi ulikuwa umepakia theluji mpya juu ya theluji kuukuu, na katikati yao kulikuwa na punje zisizoshikana, kama sukari chini ya kitambaa.

"Msisogee," alisema bila kupaza sauti. Akarudi nyuma kwa nyayo zake mwenyewe, polepole, mpaka akafika kwenye mgongo walipokuwa wamesimama wale wawili.

"Nini?" Joris akauliza.

"Tunarudi."

"Kwa sababu ya ile sauti?"

"Kwa sababu ya ile sauti."

"Lakini haikuanguka!"

"Ndiyo maana tunazungumza."

Liesbet akamshika mumewe mkono. Joris akautazama Upenyo, uliokuwa karibu kiasi cha kuonekana kama mlango wa jirani, akatema maneno ya kwao ambayo Placide hakuyajua ila aliyaelewa.

Upande wa kulia wa mgongo kulikuwa na korongo lenye theluji ngumu. Wangeteleza humo na kufika kibandani kabla supu haijachemka, na wasingekutana na mtu. Lakini njia ingebaki pale, na njia ya Placide Chevrier ilikuwa na sifa yake bonde zima. Watu waliiamini kuliko walivyomwamini mwenyewe. Wangesema, Placide amepita, basi panapitika, na kutoka chini wasingeona kwamba ameishia hatua chache tu ndani ya mteremko. Kosa hilo halifanywi na mgeni asiyejua mlima. Linafanywa na mwenyeji.

Akasikia wimbo ule tena, sasa na kicheko. Wanane na kupe wao, wakipanda juu ya jasho lake. Akawaza: waache. Wamekula mgongoni kwangu msimu mzima, na hili nalo walile. Wazo lilikuja bila haya, likakaa kama nzi kwenye nyama, na lilimchukua muda kulifukuza.

"Nisubirini hapo kwenye mwamba," akawaambia wageni wake. "Njia inafungwa na aliyeifungua."

Akang'oa ngozi kwenye ski zake, akaanza kushuka kwa ubavu, akiikwangua njia yake kama mtu anayefuta ubao. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zile kona nzuri. Theluji iliporomoka kwa mabonge ikaijaza kila alama, mpaka mgongo ukabaki umevurugika, mgumu kupandwa kuliko ulivyokuwa alfajiri. Alipofika chini, kundi lilikuwa limewasili.

"Mzee!" Gaëtan alisema, miwani yake ikimulika. "Mbona unaharibu barabara ya umma?"

"Mteremko umeguna. Ufa umekimbia."

"Umeguna wewe au mteremko?"

Wageni wake wakacheka. Mmoja alikuwa ameinua simu anapiga picha.

"Gaëtan, sikia. Ile theluji haijashika kitu chini."

"Umeingia ndani yake?"

"Hatua chache."

"Na u mzima. Sasa tatizo liko wapi? Wewe na kilo zako hizo hukuiangusha, itawaangukia watoto wangu hawa?"

"Njia nimeifunga. Unajua maana yake."

"Najua. Akitaka mtu kupita, alime yake."

"Basi lima."

Gaëtan akautazama mgongo. Placide akamtazama Gaëtan, akaona macho ya kijana yakipanda kona moja baada ya nyingine ambazo sasa hazikuwepo, yakipima wingi wa theluji iliyovurugwa na ukali wa mwinuko. Akaona hesabu ikifanyika usoni. Haikuwa hesabu ya ufa, wala ya punje za sukari. Ilikuwa hesabu ya mapaja.

"Jua nalo limeshapanda," Gaëtan akasema hatimaye, akiwageukia wanane wake kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. "Jamani, leo tuna bahati. Kuna korongo zuri hapa pembeni, tutateleza vizuri, tutakula mapema. Mzee wetu amechoka, tusimwache peke yake."

Wakashangilia. Placide alisimama pale na fimbo zake mkononi. Hawakumwamini. Uvivu uleule aliouchukia msimu mzima ndio uliowashika kola na kuwavuta nyuma. Kama Gaëtan angekuwa mchapakazi, angekuwa tayari yumo kwenye shuka ile na watu wanane nyuma yake.

Mchana, baada ya Placide kuwateremsha wageni wake, walikaa wote kwenye baraza ya kibanda, juani, mbele ya supu na jibini iliyoyeyushwa juu ya viazi. Kutoka pale mteremko ulionekana wote, mweupe, laini, haujatikisika. Gaëtan alikuwa ameshapata simulizi.

"Anasema mlima umeguna! Mimi nikasema, mzee, huo ni mlima au ni tumbo lako na kabichi ya jana?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Hata Joris alitabasamu, kisha akainamia sahani.

"Umewahi kukosea?" akamuuliza Placide taratibu.

"Mara nyingi."

"Na leo?"

"Sijui."

"Namna gani hujui?"

"Mteremko usipoanguka, hutajua kamwe. Ndivyo kazi ilivyo."

Placide alionja supu, akaiacha. Aliutazama mteremko na jua lililokuwa linaupika, na bila kukusudia akaanza kuusemesha moyoni. Anguka. Anguka sasa, wakiwa wote wamekaa hapa na midomo imejaa. Ngurumo moja tu, shuka yote ishuke, na hicho kicheko kikwame kooni mwake pamoja na kiazi. Alikuwa analiomba jambo hilo kama watu wanavyoomba mvua.

Ndipo nukta mbili nyeusi zikatokea juu, kwenye Upenyo. Watu wawili, kutoka upande wa Italia.

Placide aliziona. Akajua ni watu. Na moyo wake, kwa muda wa pumzi moja nzima, uliendelea kusema: anguka.

Kisha akasimama kwa ghafla hata benchi likapinduka, akapunga mikono, akapiga kelele ambayo isingeweza kufika. Nukta mbili zikaingia kwenye mteremko, zikachora mikunjo mizuri, ya kulia na ya kushoto, kama wanaosuka mkeka, zikashuka mpaka chini. Hakuna kilichosogea. Barazani watu walipiga makofi, nusu kwa wale wawili, nusu kwa kumsuta yeye.

Walipofika walikuwa vijana, mwanamke na mwanamume, mashavu mekundu, wanacheka. "Theluji tamu!" alisema yule msichana, akiagiza bia. Placide alimtazama meno yake, shingo yake, mkono wake ukivua glovu.

"Mzee," Gaëtan akaita kutoka meza ya pili, bila chuki, kama mtu anayeuliza saa ya basi. "Kesho unatoka mapema?"

Placide akaondoka mezani. Kwenye pipa la maji ya theluji, nje nyuma ya jiko, akachota kwa kiganja, akasukutua, akatema, kana kwamba lile neno anguka bado liko ulimini, akachota tena. Maji yalikuwa ya kuumiza meno. Zénobie alitoka na ndoo ya maganda, akasimama.

"Supu yangu imekukosea nini, shemeji?"

"Si supu yako," akasema, akainama tena juu ya pipa, akasukutua.