Msomaji wa Memwari ya Guylain

Maombi Cibalonza alikuwa na miaka thelathini na tano, asistanti, yaani mhadhiri msaidizi, katika chuo kikuu kimoja cha Bukavu, na bado alilala chumba kimoja na wadogo zake huko Bagira. Mshahara wa chuo ulikuja ulipotaka. Jumamosi alipanda pikipiki hadi Walungu kufundisha takwimu. Siku nyingine aliuza viatu vya mitumba kwa WhatsApp. Na kwa miaka mitatu, kwa siri na kwa malipo, alikuwa akiwaandikia wanafunzi memwari zao za kumaliza masomo. Hizo ndizo zilizowasomesha wadogo zake.

Mwezi wa saba, Profesa Théodore, mkuu wa idara, akamwekea mezani memwari yenye jalada la buluu.

"Utakuwa musomaji wa hii, wa kumuuliza mwanafunzi maswali. Ataitetea siku ya ine."

Jina la juu lilikuwa la Guylain, kijana wa Muhumba, mtaa wa matajiri. Maneno ya ndani yote yalikuwa ya Maombi. Ni yeye aliyezunguka sokoni wiki tatu akihoji akina mama wanaouza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Akatafuta sababu ya kukataa, asiipate. Angesema nini?

Siku ya utetezi, mama yake Guylain alikaa mbele, maua mapajani. Maombi alichagua swali jepesi kuliko yote.

"Hawa wamama wa sambaza, uliwapata namna gani?"

Guylain akamtazama kwa macho ya kuomba. Jasho likamshuka hadi kwenye kola.

"Asistanti, umusaidie basi," Profesa akasema. "Weye unajua ile mambo."

Maombi akaeleza. Alieleza dakika nane nzima, kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu utafiti wake mwenyewe ulipokwama kwenye sura ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Guylain akapita vizuri, na mama yake akamshika Maombi mikono miwili.

"Aksanti, mwalimu. Umehurumia mutoto wangu."

Mlangoni Profesa alikuwa akimngoja na kazi nyingine sita.

"Unasoma muzuri. Hizi pia ni zako. Na kama kuko mwenye alinunua kazi, uniambie. Nitamufukuza, yeye na mwenye alimuandikia."

Maombi akafunua jalada moja moja. Kati ya kazi hizo sita, nne alikuwa ameziandika yeye.

"Sawa, Profesa," akasema. Akazikumbatia kifuani, akashuka ngazi polepole, maana hakujua akifika chini aende wapi.