Kanyagio la Mzee Kibwana

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimeinama kwenye meza ya mjomba wangu, hapa hapa Mlandizi, bisibisi mkononi, na mteja amenisimamia. Mjomba alikuwa fundi wa redio na vipaza sauti, na ndiye aliyenifundisha kazi hii wakati wasichana wenzangu wanajifunza cherehani. Wiki ile alikuwa Soga akimuuguza dada yake, meza kaniachia mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijiona fundi kamili. Usicheke, hata wewe naona umeshaanza kujiona hivyo.

Mteja mwenyewe alikuwa Mzee Kibwana, mpiga gitaa kutoka Chole, kule Kisarawe. Gitaa lake lilikuwa la kulaza, lile ambalo mpigaji anakaa nalo mbele yake kama meza, anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mguuni alikuwa na kanyagio la chuma, la zamani sana. Akikandamiza kwa vidole sauti inapanda, akirudisha kisigino inashuka. Ndani yake uzi mmoja unapita kwenye tundu la shaba na kuvuta volyumu ya kawaida, kama ya redio. Hakuna maajabu humo, ila kila kitu kilikuwa kimechoka.

"Binti yangu," aliniambia asubuhi ile, "Jumamosi tuna harusi kwetu. Hili likikwaruza tena, kiongozi wa kundi letu la muziki kasema nafasi yangu anapewa kijana wa kinanda. Nisaidie."

Nikatoa volyumu iliyokufa, nikaweka nyingine. Uzi wa zamani nikautupa, nikafunga mpya na kubana springi. Saa nane mchana nikachomeka waya, naye akakanyaga mara kumi, kumi na tano. Sauti ikapanda na kushuka vizuri kabisa, bila kukwaruza hata kidogo.

Nilipoligeuza kanyagio ili nifunge bamba la chini, ndipo nikaona. Lile tundu la shaba lilikuwa limelika kwa miaka mingi mpaka ukingo wake ukawa mkali, na uzi wangu mpya ulikuwa umeshaanza kutoa manyoya. Dawa yake naijua: kufungua vyote, kulainisha tundu kwa tupa, kufunga uzi upya. Ilikuwa kazi ya kutufikisha magharibi. Na gari la kwenda kwao kupitia Mzenga lilikuwa linapiga honi barabarani, na Mzee Kibwana alikuwa ameshika mkoba akinitazama kwa furaha.

"Mikono ya mjomba wako hii," akasema.

Mwanangu, sifa ile ndiyo iliyoniponza. Nikakaza skrubu nne, nikampa kanyagio lake. "Tayari, mzee."

Akanialika harusini. Nilikwenda, kwa sababu nyumbani nisingeweza kutulia. Wenzangu walitazama nguo za wageni, mimi nilitazama mguu wa kulia wa Mzee Kibwana. Nyimbo mbili zikapita salama. Ya tatu ikapita. Nikaanza kujidanganya kwamba labda niliona vibaya, nikala hata pilau kidogo.

Alasiri ikatangazwa kwamba bibi harusi anatoka. Hapo ndipo gitaa lilipaswa kuanza taratibu, peke yake, halafu likue kadiri anavyosogea. Mzee Kibwana akaanza chini kabisa, kwa kunong'ona, watu wote wakanyamaza. Shela ikaonekana mlangoni. Akakandamiza mguu ili apandishe. Sauti haikupanda. Akakandamiza tena. Mikono yake ilikuwa inakwenda juu ya nyuzi, jasho linamtiririka, na hatusikii kitu. Bibi harusi akasimama katikati ya uwanja, hajui aendelee au arudi. Mtu mmoja akacheka. Kijana wa kinanda akaingia haraka kuokoa jahazi, na vigelegele vikarudi.

Wimbo ulipoisha kiongozi wa kundi akamfuata. "Mzee, tulikuambia." Mtu mwingine akauliza fundi gani aliyelitengeneza kanyagio hilo. Mzee Kibwana akanionyesha mimi, huku akisema, "Msimlaumu binti wa watu. Kazi kaifanya vizuri, chombo chenyewe ndicho kizee."

Wote wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini ule mtikiso wa kichwa ndio unaoniumiza mpaka leo.

Mzee Kibwana alinikabidhi kanyagio nirudi nalo Mlandizi. Jumatatu mjomba akalifungua, akatazama uzi uliokatika, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu.

"Uliona?"

"Niliona, mjomba."

"Kabla hujafunga?"

"Kabla."

Hakupaza sauti. Afadhali angenichapa. Alisema, "Basi hili tusiliite kosa la kazi," akachukua tupa, akalainisha tundu, akafunga uzi huku mimi nimesimama. Alipomaliza akanisukumia. "Umpelekee mwenyewe. Na kabla hajaligusa, useme."

Nilimkuta nyumbani kwake Chole, gitaa limefungwa kwenye shuka na kuegeshwa ukutani. Kijana wa kinanda alikuwa ameshapewa nafasi. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikasema yote: tundu, manyoya ya uzi, honi, sifa.

"Ungeniambia pale pale," akasema mwishowe, "ningechomeka waya moja kwa moja kwenye amplifaya, nikashusha na kupandisha kwa kidole. Nimepiga hivyo miaka mingi kabla sijapata kanyagio. Nilikuwa nahitaji kujua tu."

Akanisamehe siku ile ile, akaniitia na chai. Ila kwenye kundi hakurudishwa tena.

Sasa nisikilize, wewe unayependa kusema "tayari." Ukiona kasoro, fungua tena, hata mteja akiwa mguu mmoja nje. Ukishindwa kufungua, sema ulichokiona kabla hajaondoka, hata kama ameshakusifia. Atakununia, atakuita mbabaishaji, na utavumilia. Lakini akijua, anaweza kujipanga. Usimnyime nafasi hiyo kwa kuona haya.

Mungu akubariki mikono yako, mwanangu. Akupe ulimi wa kusema kweli mteja akiwa bado mlangoni. Na akuepushe na siku ya kutetewa na mtu uliyemponza.