Kabati Lililozunguka Mbele ya Wakwe

"Kontena likishaning'inia hewani, mbona halizunguki?"

Aliyeniuliza ni shangazi yangu, siku alipopita kunisalimia bandarini ninakofanya kazi, na kama ningemjibu neno moja tu, "sijui", nguo za ndani za dada yangu zisingemwagika mbele ya baba mkwe wake. Nayasema haya mapema ili anayetaka kunicheka anicheke amalize, maana mimi mwenyewe nikifika katikati ya mkasa huu bado natazama chini.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi wa mitambo, nimepata nafasi ya mafunzo kwenye bandari moja ya ziwani hapa Mwanza, upande wa kreni za kontena. Mimi ni mtu wa maswali (mama anasema watoto wengine huzaliwa wakilia, mimi nilizaliwa nikiuliza), na nimeshamuuliza mchungaji, nimeshamuuliza mwenyekiti wa mtaa, hakuna aliyepona. Lakini watu wa maswali tuna ugonjwa ambao hatuusemi: hatupendi kuulizwa. Shangazi amekumbatia mkoba wake, anatazama kontena lililotulia juu kama limebandikwa angani, ananisubiri, na mimi sina jibu, kwa hiyo nikalitengeneza palepale. "Ni uzito, shangazi. Kitu kizito kinatulia chenyewe."

"Kumbe," akasema.

Na mimi nikasema kumbe moyoni, kwa sababu jibu lilikuwa limetoka haraka na lilisikika vizuri, na mtu ukishalisikia jibu lako mwenyewe likikubaliwa na shangazi unaanza kudhani ulilisoma mahali.

Sasa, nyumba yetu iko Ilemela, juu ya jabali. Sisemi karibu na jabali, nasema juu yake. Kutoka barabarani unapanda kwa njia inayopita kati ya mawe, na kuna mahali mtu mnene anapita kwa ubavu. Kila kilichomo ndani mwetu, kuanzia vitanda mpaka friji, kilipandishwa kwa mabega ya Shija na wenzake, vijana wa mtaa wetu ambao kazi yao ni hiyo. Na binti akiolewa, hao hao ndio wanaoshusha vyombo vyake, na kuna desturi yake: wakifika katikati ya njia wanalitua kabati juu ya jiwe, wanakaa, wanasema limegoma, linamlilia mama yake. Wakwe wanaosubiri chini wanapandisha soda. Vijana wanaonja, wanasema kabati limesema soda ni za moto. Wakwe wanawaambia basi kaeni nalo muolewe nyinyi. Inakwenda hivyo kwa nyimbo na matusi ya utani mpaka vyombo vinafika barabarani, na kufikia hapo watu ambao asubuhi hawakujuana tayari wameshatukanana vya kutosha kuwa ndugu.

Mimi niliuliza kwa nini. Sendofu, yaani sherehe ya kumuaga dada yangu Milembe anayeolewa, ilikuwa inakaribia, nikasema mbele ya kikao cha familia kwamba tuna binti anayefanya kazi kwenye kreni inayonyanyua kontena zima na bado tunataka kukalisha kabati juu ya jiwe linywe soda. Walinisikiliza. Hiyo ndiyo hasara ya kusomeshwa na mama mjane, watu wanakusikiliza hata ukiwa unakosea.

Bandarini hatutumii mabega. Mzigo unaning'inia kwenye waya, yaani kamba nene iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi za chuma na kupakwa grisi nzito isishike kutu. Waya mpya ukifungwa kwenye mtambo unabaki mkia, unakatwa, na nilikuwa nimemwomba msimamizi wangu mkia wa waya mwembamba uliobaki kwenye kreni ndogo ya karakana, pamoja na winchi ya mkono. Akanipa. Jirani yetu ana nyumba isiyokwisha na boriti ya chuma imechomoza nje kidogo, juu kabisa ya barabara, kana kwamba fundi alijua nitakuja. Nikafunga kapi kwenye boriti, winchi nikaifunga kwenye nguzo nyuma yake, nikapitisha waya. Nilipiga hesabu nikazirudia: waya ule ungebeba makabati mengi ya aina ile bila kutetereka. Na hesabu zilikuwa sahihi, ndilo jambo linaloniuma. Waya haukukatika. Ungekatika ningekuwa na cha kusema.

Siku yenyewe wakwe walifika mchana na lori lao la Kanta, wakajipanga barabarani chini ya jabali. Aliyewaongoza ni mzee Masalu, baba wa bwana harusi, mtu mrefu, mkimya, mwenye fimbo na koti zito katika jua lile. Familia yake ni ya zile ambazo baba mkwe na mkamwana hata benchi moja hawakai, akipita huku wewe unapita kule. Mama alikuwa ametuonya juu ya jambo hilo tangu siku ya posa: kwa watu wale heshima ya mkwe ndiyo ndoa yenyewe, ukiivunja umevunja vyote.

Huko juu, mimi nimevaa gauni la sare ya kitenge na kofia ngumu ya kazini juu ya nywele nilizosukwa siku nzima, Milembe akanifuata akiwa amependeza mpaka nikaona aibu ya viatu vyangu. "Kabula, nguo zangu zote zimo ndani ya kabati. Nizitoe kwanza?"

"Ziache humo humo," nikamwambia. "Uzito ndio utalituliza."

Hapo ndipo. Nikitafuta mahali pa kuuweka mkasa huu wote, nauweka hapo.

Mama aliufunga mlango wa kabati kwa ufunguo, akazungushia khanga kwa usalama. Shija na wenzake walikuwa wamekuja hata bila kuitwa, wamevaa fulana zinazofanana, wamesimama mikono mitupu.

"Injinia," Shija akaniita, "na sisi tufanye nini?"

"Nyinyi leo mtazame tu."

Wakaenda wakakaa juu ya jiwe kubwa, wakajipanga kama ndege.

Chini MC alikuwa na spika. "Upande wa bwana harusi, mnaombwa mtazame juu. Leo hakuna mabega, leo ni sayansi." Kwa hiyo wote wakatazama juu, na mzee Masalu akainua uso naye, mkono juu ya macho kuzuia jua.

Kabati lilitoka ukingoni vizuri. Naapa lilitoka vizuri. Wanawake walipiga vigelegele, mimi nazungusha mkono wa winchi taratibu, na binamu yangu aliyeshika breki ananitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona tena. Halafu kabati likageuka kidogo, kama mtu aliyeitwa jina. Nikasema litatulia. Likageuka tena, likatuonyesha mgongo, likaonyesha ubavu, likarudi na uso, sasa kwa haraka, na ule waya juu yake nikauona waziwazi ukijifumua, misokoto inalegea mbele ya macho yangu.

"Kabati linawasalimia upande wa kulia," MC akasema. "Linawasalimia na upande wa kushoto."

Watu wakacheka, kicheko kizuri bado. Nikaamuru tusimamishe winchi litulie, tukasimamisha, nalo halikuwa na habari na sisi, likaendelea kuzunguka palepale katikati ya hewa. Likapunguza, likasimama kabisa (nikashukuru Mungu ambaye kwa kawaida namuuliza maswali), likafikiri, kisha likaanza kurudi lilikotoka kwa mwendo mkali zaidi.

"Shija," nikaita, "fanyeni kitu."

"Umesema tutazame," akajibu akiwa amekaa. "Tunatazama."

Ndipo kona ya kabati ikagonga jabali. Kitasa kikaachia, khanga ya mama ikafunguka na kuondoka na upepo wa ziwani, milango ikapanuka yote miwili, na kwa kuwa lilikuwa linazunguka, vitu havikuanguka, vilirushwa. Kwanza soksi. Halafu mashuka. Halafu magagulo, halafu sidiria, halafu vile vitu vyekundu ambavyo mashoga zake walimzawadia kwenye kicheni pati na kuapa kwamba hakuna jicho litakaloviona ila la mume. Vilisambaa juu ya barabara pana kama mtu anarusha mbegu za mpunga. Kimoja kilitua kwenye kioo cha mbele cha Kanta.

"Kabati lina..." MC akaanza. "Kabati... DJ, tupe wimbo."

Wimbo haukuja. Na kutoka juu nikaona kitu ambacho sijakisahau: mzee Masalu alikuwa ameshatugeuzia mgongo. Akasema neno ambalo sikulisikia, na wanaume wote wa upande wake, mmoja baada ya mwingine, wakatugeuzia migongo. Ukoo mzima. Mama akakaa chini juu ya jiwe pale pale alipokuwa, akasema polepole, "Wamemkataa mwanangu."

Nilishuka ile njia mbio nikikwaruzwa na mawe, nikafika barabarani na kuanza kuokota. Kila nilichookota nilikipa alama, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa grisi ya waya, na grisi ile ni nyeusi na haijui sabuni. Mashuka meupe yakawa na vidole vyangu vitano, magagulo yakawa na vidole vyangu, na kadiri nilivyoharakisha kuficha ndivyo nilivyochafua, mpaka shangazi akaninyang'anya rundo zima, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Kitu kizito kinatulia chenyewe, eti?"

Shija na wenzake walishuka, wakalingoja kabati chini, binamu akaliteremsha kwa breki, wakalidaka kwa mabega. Walilipakia bila wimbo. Hakuna aliyeomba soda. Wakwe walipakia vingine, macho yao kila mahali isipokuwa kwetu, na Milembe akaletwa kwenye gari lake akitembea kwa hatua ndogo, kope zimeloa. Nikanyoosha mikono kumkumbatia.

"Usinishike, Kabula," akasema.

Sijui kama alikuwa anasema grisi. Gari likaondoka.

Ndoa ilifungwa, kwa sababu mahari ilishalipwa na kanisa lilishatangaza, lakini kwetu tulijua tumemtoa binti kwa watu waliotugeuzia mgongo. Mama hakwenda kwa wakwe wa Milembe muda mrefu sana. Walimwalika, akasema miguu inamuuma. Milembe akipiga simu aliongea na mama, na mimi nilisalimiwa kupitia kwa mama, kama mgonjwa.

Swali la shangazi nilikuja kulijibu bandarini, baada ya kumwendea msimamizi na kumwambia neno lile gumu, sijui. Akanipeleka nikatazame kreni kubwa kwa karibu, jambo ambalo ningeweza kulifanya siku yoyote kabla. Waya uliosokotwa ukibebeshwa mzigo unataka kujifumua, na mzigo ukizidi uzito ndivyo hamu hiyo inavyozidi. Nguo za Milembe hazikulituliza kabati, zilikuwa zinalizungusha. Kontena halizunguki kwa sababu linashikwa na nyaya kadhaa zilizoachana, na nyingine zimesokotwa kwenda kulia, nyingine kushoto. Kila moja inavutia kwake, na hakuna inayoshinda. Siku hizi nikiulizwa nisilolijua nasema sijui kabla swali halijaisha, hadi wengine wanaona nina dharau. Na nikisikia sendofu mtaani naweka soda kwenye barafu mapema, na sishiki kitu.

La mwisho nililijua baadaye sana, Milembe alipojifungua na mimi nikaruhusiwa kwenda kumshika mtoto, kwa mikono iliyooshwa mara mbili. Shemeji ndiye aliyenisimulia, tena akishangaa kwamba hatukujua, maana yeye alikuwa amesimama pembeni ya baba yake pale barabarani. Mzee Masalu aliziona soksi zikitoka, akatambua kinachofuata, akageuka upande wa ziwa kabla hakijatoka kingine. Na lile neno nililoshindwa kulisikia kutoka juu ya jabali lilikuwa hili: "Wanaume wote, geukeni. Hizo ni nguo za mtoto wetu."