Shuka la Refa

Mfikirie akija. Anateremka barabara yenye lami iliyobanduka, upande wa kivuli, shati jeupe limepigwa wanga mpaka ukosi umesimama wima, kiasi kwamba akitaka kukutazama inambidi ageuke mwili mzima. Viatu vinang'aa. Mkononi hana kitu, maana anaamini mwanamume wa heshima habebi mfuko. Anasalimia kila mlango. Kwa wazee anainama kidogo. Kwa akina mama anauliza habari za watoto mmoja mmoja, na hakosei hata mmoja. Akifika kwa wasichana waliokaa kwenye ngazi anasimama, anawatazama magotini, anashusha pumzi ndefu, anaendelea na safari. Wasichana wanasubiri afike mbali ndipo mmoja wao aseme, "Mheshimiwa Kesho kapita," na wote waangue kicheko.

Ndilo jina lake mtaani. Amegombea ubunge mara tatu, ameshindwa mara tatu, na kila aliposhindwa alirudi nyumbani akisema kwamba watu bado hawajawa tayari, ila kesho watakuwa tayari.

Ukiacha siasa, yeye ni dobi. Duka lake ni chumba kimoja kirefu chenye dirisha la kupokelea nguo, meza iliyofunikwa blanketi lililounguzwa na pasi huku na huku, na kamba zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Uani kuna masinki ya saruji, na hapo ndipo alipokuwa mkewe. Tuelewane mapema: mume alipiga pasi na kuzungumza na wateja, mke alifua. Nguo hawakuziandika majina. Kila nyumba ilipewa rangi yake ya uzi, mke akaushona kwenye pindo kwa mishono midogo. Nyumba ya fundi bomba ilikuwa nyekundu, ya muuza dawa ilikuwa njano. Mtaa mzima uliijua rangi ya mtaa mzima, na kuna waliogombana kwa sababu jirani kapewa rangi nzuri zaidi.

Dobi anajua mambo, wapendwa. Anajua nani alitapika, nani ana kidonda kisichopona, nani analala peke yake ingawa ana mke. Mambo hayo yaliingia dirishani yakiwa furushi, yakatoka yamekunjwa, na hakuna aliyesikia neno. Wasichana walioajiriwa kumsaidia mke walifundishwa jambo moja kabla ya kufundishwa kusugua: ulichokiona kwenye sinki, kimwage na maji. Duka liliishi kwa hilo kuliko kwa sabuni.

Mara ya kwanza aligombea kwa tiketi ya chama kidogo cha watu waliochukizwa na mambo ya siku hizi. Sera zake zilikuwa chache na alizijua kwa moyo: mama arudi nyumbani, msichana aliyepata mimba asirudi darasani, baa zifungwe jua likizama, heshima irejee. Aliamini kila neno, na hilo tumpe. Vijana walimpigia makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, halafu wakaondoka pamoja kwenda baa. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliapa kwamba kura yake alimpa yeye. Kwenye kituo alichopigia shemeji huyo, Kesho hakupata hata kura moja.

Mara ya pili alishindana na muuza saruji, ambaye alisema maneno yaleyale ya heshima na akagawa fulana. Katibu wa chama, bwana mmoja mwenye sauti laini, akamshauri Kesho naye agawe kitu. Wewe si dobi, akamwambia, gawa hata sabuni. Kesho alikataa katakata. Alisema hawezi kumwambia mtu awe msafi kisha amhonge sabuni. Akashindwa vibaya, lakini siku iliyofuata alifungua dirisha saa ileile, akapokea nguo za watu waliomnyima kura, na hakumnunia yeyote. Mwaka ule wengi tulimheshimu kimoyomoyo. Laiti angeishia hapo ningekuwa na hadithi nzuri ya kuwapa.

Mara ya tatu mpinzani wake alikuwa mkunga.

Mkunga huyu aliwazalisha akina mama wa mtaa ule kwa miaka mingi, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba binti aliyejifungua arudi shule. Mumewe alikuwa karani mstaafu ambaye kila mwisho wa juma alichezesha mechi na kuwafundisha vijana mpira kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yao, kwa hiyo hata watoto wake walimwita Refa. Alikuwa rafiki wa Kesho hasa. Kwa miaka alikaa kwenye benchi chini ya dirisha la dobi, wakibishana habari za kuotea na habari za dunia inavyoharibika, mpaka mke wa Kesho akipita anawaambia wote wawili waende wakaoane.

Kisha Refa akapata kiharusi. Upande mmoja ukalala, ulimi ukawa mzito, na mashuka ya nyumba yao, nyumba ya uzi wa kijani, yakaanza kuletwa kila mara. Mke wa Kesho aliyafua peke yake, asubuhi kabla wasichana hawajafika, akayaanika nyuma ya mapazia ya watu wengine, akayafunga kwenye karatasi. Hata mumewe hakumwambia kitu. Lakini mumewe ndiye aliyepokea furushi, na pua anayo.

Sasa katibu wa chama alikuja dukani kampeni ilipokolea, akaegemea meza, akasema kwa sauti yake ileile laini kwamba mkunga hashindiki. Nusu ya wapiga kura aliwapokea kwa mikono yake wakizaliwa, nusu nyingine aliwazalishia wake zao. Labda, akasema, kama kungekuwa na jambo la nyumbani kwake. Kesho aliendelea kupiga pasi, na mke aliyekuwa uani akaona kwamba pasi inapita mahali palepale.

Siku ya mkutano mkubwa jukwaa lilijengwa kwenye uwanja ule wa mpira, kwa sababu ndio pekee uliotosha. Watu walijaa mpaka kwenye magoli. Mke aliketi kiti cha mbele jukwaani, kama ilivyotakiwa, ametulia. Alishangaa kidogo tu kumwona mumewe, mtu asiyebeba mfuko, ameshika mfuko.

Kesho alianza na heshima, akaja kwa mama na nyumba, sauti ikipanda. Halafu akaingiza mkono mfukoni akatoa shuka. Halikuwa limefuliwa. Mke aliuona uzi wa kijani kabla ya mtu mwingine yeyote, akainuka nusu, akaketi.

"Ndugu zangu," Kesho alisema kwenye kipaza sauti, "huyu mama anataka mumpe jimbo. Mimi nawaonyesha kitanda cha mumewe."

Akalikunjua shuka, akalishika ncha mbili, akalinyanyua juani ili doa lionekane vizuri.

Nimejaribu kuisimulia sehemu hii mara nyingi bila kuona aibu, na sijafaulu. Doa lile ni maji ya mgonjwa, kila nyumba itakuja kuyajua siku moja. Ninachosema ni ule mkono ulionyanyua, mkono uliowahi kumpa Refa chai. Na ninasema zaidi ile sauti iliyotoka uwanjani. Ilianza mbele, kwa mtu mmoja, kama kikohozi. Ikarudi nyuma, ikajaa, watu wakashikana mabega wasianguke. Wanaume wenye wazazi wagonjwa walicheka. Akina mama waliozalishwa na mkunga yule walijifunika mdomo, mabega yakitikisika. Mmoja karibu na goli akapaza sauti, "Mheshimiwa, lete la jirani yake," na kicheko kikaanza upya. Kesho aliona watu wanamfurahia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akalinyanyua tena.

Nyumba ya Refa iko nyuma ya goli. Mkunga hakuwepo, alikuwa zamu. Refa alikuwepo, na dirisha lilikuwa wazi.

Mke aliteremka jukwaani huku mumewe bado anaongea. Hakuna aliyemzuia, maana wote walikuwa wanatazama shuka. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, na mume aliporudi, amelowa jasho na bado anatabasamu, alimkuta amesimama katikati ya chumba.

"Nimekufulia miaka yote hii," mke alisema, "na leo ndiyo nimeona uchafu."

"Mama watoto, ile ni siasa. Refa mwenyewe angeelewa."

"Basi nenda kamweleze."

Akasema atakwenda uchaguzi ukiisha, maana akienda sasa itaonekana amekiri kosa. Mke akamwambia kwamba yeye hana tarehe ya uchaguzi. Siku atakayokwenda kwa Refa kwa miguu yake, akaomba msamaha mbele ya mkunga na watoto wao, ndiyo siku yeye atakayorudi kwenye sinki. Kabla ya hapo asimhesabu, si dukani, si jukwaani, si chumbani.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na foleni dirishani. Kesho alidhani ni pongezi. Kila mmoja alikuja kuchukua nguo zake. Fundi bomba alisema mkewe ameamua kufua mwenyewe kwa sababu ya mgongo, kwamba mazoezi ni mazuri kwa mgongo. Muuza dawa alisema wanasafiri. Yule aliyeomba aletewe la jirani alichukua furushi lake bado bichi, akalikumbatia maji yakimtiririka kwenye suruali. Hakuna aliyetaja shuka. Wote walimwita mheshimiwa. Kabla ya mchana kamba zilikuwa tupu na wale wasichana walikuwa wamekwenda kwao.

Halafu zikaja kura. Mkunga alishinda, na mtu angeweza kufikiri kwamba mtaa ulijirudi. Lakini Kesho alipata kura nyingi kuliko za chaguzi mbili zilizotangulia zikiunganishwa, na nyingi zaidi zilitoka kituo cha palepale mtaani, kwa watu wa nyuzi nyekundu na njano. Waliogopa kumpa mashati yao, wakampa kura zao. Mimi fumbo hilo huwa naliacha hapo hapo lilipo.

Mke hakusubiri tena. Alilitoa shuka lile kwenye mfuko wa mumewe, akalifua, akalinyoosha, akalipeleka mwenyewe. Mkunga alimfungulia mlango, akalitazama shuka, akampisha. Refa alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, ambalo sasa lilikuwa limefungwa. Alimkaribisha kwa mkono ule mzima. Maneno yake yalitoka polepole, yakivutwa upande mmoja wa mdomo, na mke alisubiri kila moja.

"Shemeji, yeye sikumsikia vizuri. Spika zilikuwa zinakwaruza." Akapumzika. "Niliwasikia waliocheka. Nikawa nawatambua. Huyu alikuwa beki wangu, huyu nilimfundisha kurusha. Baadaye nikaona niache kutambua."

Kisha akamuuliza kama mumewe anakula vizuri, maana anamjua, akiwa na mawazo hali chakula.

Tangu siku ile mke anafua mashuka ya nyumba ile kwenye ua wao wenyewe, anaingia kwa mlango wa mbele, na jioni anarudi kulala kwa binti yake. Mumewe amemtumia watu. Alimtuma hata katibu, ambaye alieleza kwa upole kwamba mgombea asiye na mke pembeni haaminiki, hasa kwa chama cha watu wa familia. Mke alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama amekwisha kwenda kwa Refa yeye mwenyewe, kwani kutoka pale ni karibu. Katibu akakumbuka kikao.

Kwa hiyo Kesho yuko peke yake dukani na anajiandaa kwa mara ya nne. Shati lake bado jeupe, ingawa mikunjo ya mgongoni siku hizi inaonyesha kwamba anajifulia. Kwa Refa hajakwenda. Amewahi kuonekana kwenye kona ya nyumba ile, amesimama, kisha akageuka mwili mzima na kuondoka. Na katika kila mlango anaopita, watu wanatoka kumshika mkono, wanamsogelea sikioni na kumwambia kwamba safari hii wako nyuma yake. Anawaamini, na nadhani hakosei. Wakishamwambia wanarudi ndani, wanafunga milango, wanafua nguo zao wenyewe na kuzianika chumbani, mahali asipoweza kuziona.

Ninyi mnaoishi na watu na mnawajua, nisaidieni: mtu ambaye hawawezi kumkabidhi hata shuka, wanataka akawafanyie nini huko bungeni?