Gari la Kufika Mtowisa

Tangu biashara ya nje ilipofunguliwa, magari yaliyotumika Ujapani yanafika hata mjini kwetu Mazwi. Juzi, uani kwa muuzaji mmoja, nilimkuta kijana akichagua kati ya matoleo mawili ya gari moja la mbio lenye turbo. Alikuja na baba yake, mfugaji wa Mtowisa, huko bondeni.

"Chukua toleo jipya, mshikaji," muuzaji alihimiza. "Hili linapaa!"

Mzee alichuchumaa, akapitisha ngumi chini ya kila gari, kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Hili jipya ni binti wa lile?"

"Ndiyo, mzee," muuzaji akacheka.

"Binti kamzidi mama urembo, ila tumbo linaburuta. Mwanangu, huyu atafika kwetu?"

Kijana aliinama. "Hatafika, baba. Ataishia hapa mjini."

"Fedha ni zako," mzee alisema taratibu. "Mama yako nitamwambia barabara ni mbaya."

Kijana akarudisha ufunguo wa jipya, akaomba wa lile la zamani.

Vitabu vitakatifu vinatuamuru tuwaheshimu wazazi, wala havikutaja turbo. Muuzaji alininong'oneza kwamba kijana amekosa mbio. Nadhani mama yake hatalalamika kwamba amechelewa.