Siku Nilipomtupa Baba Askofu Kwenye Barua Taka

Naona aibu kusimulia hili, maana nimekuwa katekista miaka mingi katika kigango chetu kidogo huku juu ya Mlali, na mtu wa umri wangu hutarajiwa kuwa na busara, lakini Mungu amenijalia uhai mpaka leo, basi acha niseme ukweli wote.

Yalianzia kwa mjane. Kila wiki aliniandikia barua pepe kwenye simu kwamba yu mahututi nchi za mbali na anataka kuniachia mali yake yote kwa kazi ya Bwana. Binti yangu Paskalina, anayefanya kazi Mzumbe, alicheka. "Baba, huyo ni tapeli, wala si mjane. Angalia maneno anayoyarudia, halafu iambie simu kila barua yenye maneno hayo iitupe kwenye barua taka." Mimi ni mwoga wa kuibiwa (na simu naiogopa zaidi kuliko mwizi), nikavaa miwani nikasoma barua zake zote. Zote zilianza, "Mpendwa katika Kristo." Nikayaandika hayo maneno kwenye simu, mjane akanyamaza, nikamshukuru Mungu, hata nikawatambia wazee wenzangu baada ya ibada.

(Wewe unayesoma umeshaliona shimo. Mimi sikuliona.)

Baba Askofu alikuwa aje Jumapili kutoa kipaimara, mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na watoto ishirini na sita nilikuwa nimewafundisha miaka miwili. Jumamosi ya kabla yake, saa nne asubuhi, niko bondeni napalilia kabichi, buti zimejaa tope, nikasikia magari yanapanda kilima. La mbele la Paroko. La nyuma la Baba Askofu.

Nikapanda mbio mpaka kanisani. Kanisa lina kufuli, kiti chake kiko nyumbani kwangu rangi haijakauka, na watoto wametawanyika mashambani kwa wazazi wao.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Baba Askofu, akiziangalia buti zangu.

"Milele, amina," nikajibu.

"Watoto wako wapi, Katekista?"

Paroko akanivuta kando. "Mzee, nimekuandikia mara nne kwamba siku imesogezwa, ni leo Jumamosi. Nikikupigia huku hupatikani, nikaona umekaa kimya, nikajua umekubali. Saa saba anatakiwa kigango kingine. Hawa watoto wakikosa leo, sijui atarudi mwaka gani."

Niliziona nyuso za wale watoto, nikajiona nikiwaeleza kesho kwamba wamekosa kwa sababu yangu, nikaikimbilia kamba ya kengele nikaivuta kwa nguvu zote, bila kukumbuka kwamba huku kwetu kengele ikilia saa isiyo ya ibada ni ya msiba.

Watu wakashuka kutoka kila upande wa mlima wakilia. Mbele yao Mama Koleta, kiongozi wa kwaya, kanga imefungwa kiunoni. "Ni Katekista, najua ni Katekista. Nilimwambia aache kulima na kile kifua chake."

"Niko hapa, Mama Koleta," nikasema, kamba bado mkononi.

Alinitazama juu mpaka chini. "Sasa tumemlilia nani?"

"Hakuna aliyekufa, mama," alisema Baba Askofu. "Nimekuja mimi tu."

Watoto walikuja na wazazi wao, wote ishirini na sita, wakapakwa mafuta ya krisma wakiwa na tope miguuni, na mimi nililia kwa shukrani, ingawa hofu ilikuwa haijaniachia. Baada ya Misa Paroko akaiomba simu yangu, akafungua barua taka mbele ya kigango kizima. Barua zake nne zilikuwa zimelala humo pamoja na za mjane, na kila moja ilianza, "Mpendwa katika Kristo."

Siku hizi, nikimaliza sala ya asubuhi, nafungua barua taka kwanza na kuzisoma moja moja, na nimeapa sitaiachia simu tena iniamulie nani ananipenda katika Kristo. Juzi Baba Askofu ameniandikia mwenyewe. Barua imeanza hivi: "Katekista, huyu si yule mjane."